SAMBUSA ZA NDENGU: KWA NINI LADHA HUHARIBIKA, NA JINSI YA KUITENGENEZA



Ndengu ndizo fedha zetu huku Kyuso. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, ndengu huvunwa kati ya Januari na Februari, na karibu kila nyumba huwa na gunia lake. Wanunuzi huja na malori, hupima, hulipa, huondoka. Siku hizo bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza, na mwenye karo ya shule ya kulipa hawezi kungoja. Lakini mkulima akibakiza gunia moja tu, nyumba yake ikalipika na kuliuza sokoni katika sambusa, fedha huingia kidogo kidogo kila wiki, tena katika miezi ile ambayo shambani hakuna kitu cha kuuza. Kwa hiyo akina mama wengi, na vijana pia, wameianza kazi hii.

Kazi yenyewe ni njema. Shida ni kwamba si kila sambusa hununuliwa mara ya pili. Mnunuzi huuma mara moja, hutafuna polepole, hutazama ndani, kisha humaliza kwa sababu amekwisha kulipa. Wiki ijayo hupita mbele ya beseni hilo kama hakuliona. Hasemi neno. Muuzaji naye hudhani ya kuwa watu hawana fedha, au jirani amempaka maneno, kumbe ni ndengu zilizomo ndani. Zina uchungu, au zina chumvi ya kisima, au ni chapwa kama karatasi, au zimeanza kuchacha.

Watu wengi hulaumu unga au mafuta. Mimi nasema mara nyingi kosa liko katika vile vya kujaza, na makosa hayo karibu yote yana sababu zinazojulikana. Sambusa ni chakula kilichotoka mbali. Jina lake ni la Kiajemi, na kwetu bara limepanda kutoka pwani, ambako hujazwa nyama. Ndengu nazo zilianza kulimwa Bara Hindi. Vitu viwili hivyo vimekutana vizuri sana katika nchi yetu kavu, ila ndengu si nyama. Nyama ina mafuta na ladha yake yenyewe, hata ukiipika vibaya utapata kitu. Ndengu hutaka kusaidiwa.

MAJI

Nianze na maji, kwa maana hapa ndipo wengi wetu wa Kyuso hupotea. Visima vingi vilivyochimbwa kwa mashine upande huu wa Mwingi hutoa maji ya chumvi, na mengine yana chokaa nyingi. Ng'ombe na mbuzi huyanywa. Sisi wenyewe tumeyazoea hata hatuyasikii tena mdomoni. Lakini ukichemsha ndengu katika maji hayo kwa saa nzima, maji hupungua na chumvi hubaki. Kila unapoongeza maji, unaongeza chumvi. Mwisho wake ndengu zina ladha ya kisima, na katika chumvi hiyo mna aina nyingine iliyo chungu, ambayo si chumvi ya mezani kabisa.

Tena chokaa iliyomo katika maji hushikamana na ganda na nyama ya mbegu, ikazuia kulainika. Utaona ndengu zimechemka asubuhi nzima, kuni zimekwisha, na bado zina harufu ya ubichi. Mtu husema mbegu ni mbaya. Ziwe ndengu za N26 au KS20, si mbegu, ni maji. Ila ndengu zilizokaa ghalani mwaka mzima penye joto nazo huwa ngumu hivyo hivyo, hata kwa maji mazuri.

Basi, kwa kazi hii tafuta maji yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ndiyo bora kuliko yote. Baada yake ni maji ya mchangani, yale yanayochotwa katika mito yetu ya mchanga au kwenye mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui inasifika kwayo. Mara nyingi hayo huwa matamu. Huhitaji mengi. Jerikeni moja ya lita 20 yatosha kulowekea na kupikia kilo mbili za ndengu. Maji ya kisima yatumie kuoshea vyombo. Najua jerikeni ya maji matamu wakati wa kiangazi ni mali, na wako watakaosema ni anasa kuyapikia ndengu za kuuza. Hesabu kwanza sambusa zinazorudi nyumbani jioni, halafu useme kama ni anasa.

Ninyi mlio katika skimu za mahali pengine, kama zile za Makueni zilizoanzishwa miaka ya 1940 baada ya kufyeka vichaka vya mbung'o, au Wakamba mliohamia Shimba Hills, huenda maji yenu si kama yetu. Jaribuni hivi. Chemsheni kiasi kidogo cha maji katika sufuria safi mpaka yakauke. Yakiacha ukoko mweupe mwingi, msiyapikie ndengu.

MAGADI

Kwa sababu ya ugumu huo, watu wengi hutia magadi. Magadi hulainisha kweli, na kwa haraka, tena huokoa kuni. Lakini hutoza kodi yake. Ndengu hugeuka rangi zikawa kahawia, hupata ladha ya sabuni, na vitamini B1 iliyomo huharibika. Mimi nawashauri muache kabisa. Kulowesha usiku mmoja katika maji matamu hufanya kazi ile ile bila gharama. Lowesheni jioni, mwageni maji hayo asubuhi, osheni, kisha pikeni kwa maji mapya. Kwa njia hii ndengu za mwaka huu hulainika kwa nusu saa, au dakika 45 zikiwa kaidi.

Msiloweshe kupita usiku mmoja. Joto la Kyuso laweza kuyafanya maji yachachuke, na mbegu huanza kuota.

Kama magadi yamekwisha kuzidi, yako mambo mawili ya kufanya. Suuza ndengu mara tatu kwa maji ya uvuguvugu, ukizichuja kila mara. Halafu, zikiwa zimekwisha kukaangwa, kamulia ndimu matone machache, kwa maana ndimu hupigana na magadi. Ladha itarudi kwa sehemu kubwa. Rangi haitarudi.

Jambo jingine lifananalo na hili: msitie nyanya wala ndimu katika sufuria kabla ndengu hazijalainika. Uchachu huzifanya ziwe ngumu. Na kwa vya kujaza, mimi sioni haja ya nyanya kabisa, kwa sababu huleta maji.

UCHAPWA

Haya ndiyo malalamiko makubwa. Mama mmoja wa soko letu alisema ya kuwa akionja ndengu zake jikoni ni tamu, lakini ndani ya sambusa hazina ladha yoyote. Anasema kweli. Ndengu zikiliwa na ugali au chapati huwa na mchuzi wake. Katika sambusa hakuna mchuzi; kuna unga pande zote, na unga huo hauna ladha ila mafuta. Kwa hiyo vya kujaza lazima viwe na nguvu kidogo kuliko vile ambavyo ungevitia sahanini.

Kwa nusu gorogoro ya ndengu kavu, yaani karibu kilo moja, tumia vijiko vinne vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Kama umelazimika kutumia maji ya kisima, anza na viwili. Ukitumia viungo vya pakiti kama Royco, kumbuka vina chumvi ndani yake tayari, basi punguza. Tia chumvi kidogo katika unga wa kukanda pia.

Chumvi peke yake haitoshi. Harufu ya viungo hukaa katika mafuta, haikai katika maji. Watu wengi huchemsha ndengu, kisha hunyunyiza bizari juu na kukoroga. Hapo bizari hubaki kama vumbi, na mlaji husikia ubichi wake kooni. Fanya hivi. Weka vijiko vinne vya mezani vya mafuta katika karai. Kaanga vitunguu vikubwa vinne, vilivyokatwa vidogo sana, kwa moto wa kadiri mpaka viwe vya rangi ya dhahabu. Hii huchukua dakika kumi au zaidi, na hakuna njia ya mkato. Kitunguu kilichokaangwa polepole huleta utamu ambao ndengu hazina. Ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pamoja na vijiko viwili vya chai vya bizari nyembamba iliyosagwa. Geuza kwa muda mfupi tu, mpaka harufu itoke. Kitunguu saumu kikigeuka kahawia iliyoiva sana, kimekuwa kichungu, na uchungu huo hautatoka. Ni afadhali kumwaga vitunguu vya shilingi chache uanze upya kuliko kuharibu kilo nzima ya ndengu.

Nunueni bizari ikiwa punje, si unga. Punje hukaa miezi na harufu yake; unga uliokaa dukani juani ni rangi tu. Kaangeni punje kidogo katika karai kavu, kisha twangeni.

Baada ya hapo tia ndengu zilizochujwa vizuri, tia chumvi na pilipili, ukaange huku ukiziponda nusu yake kwa mwiko, nusu uziache nzima. Zote zikipondwa huwa kama uji mdomoni. Zote zikiachwa nzima humwagika sambusa inapoumwa, na mnunuzi aliyevaa shati jeupe hatarudi.

Sasa, usionje kijiko kilichotoka motoni ukaridhika. Ulimi ulioungua ni shahidi mbaya. Kaanga sambusa mbili au tatu kwanza, zipoe kidogo, uzionje jinsi mnunuzi atakavyozila, kisha usahihishe chumvi ya vilivyobaki. Walimu tulifundishwa kujaribu somo kwa wanafunzi wachache kabla ya kulipeleka darasani, na sioni tofauti.

CHUMVI NA PILIPILI ZIKIZIDI

Wako wanaoamini ya kuwa kiazi kizima kikitumbukizwa huvuta chumvi yote. Kiazi hunywa maji ya chumvi kadiri ya ukubwa wake, basi. Kilichobaki hubaki vile vile. Dawa ya kweli ni kuongeza wingi. Chemsha ndengu nyingine bila chumvi, au viazi, uviponde na kuchanganya. Pilipili ikizidi fanya hivyo hivyo. Kuosha kwa maji hakusaidii, maana ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji. Kwa hiyo kila mara acheni bakuli moja la ndengu zilizochemshwa bila kitu chochote, liwe akiba mpaka mmekwisha kuonja.

Sufuria ikiungulia chini, usikwangue. Hamisha zile za juu katika chombo kingine upesi. Moshi ukiwa umekwisha kuingia, hakuna kiungo kitakachouficha. Hizo si za kuuza.

UNYEVU

Kuna sambusa ambayo ladha yake si mbaya, ila imelowa, unga umelegea, na mafuta yanadondoka. Hapo ni maji. Ndengu zenye unyevu hutoa mvuke ndani ya mafuta, unga ukapasuka au kulegea, mafuta yakaingia, na ladha ya ndengu ikafunikwa na ya mafuta. Vikaushe vya kujaza katika karai lililo wazi mpaka ukipitisha mwiko chini, njia ibaki wazi bila kufungwa. Kisha vitandaze katika sinia pana vipoe kabisa. Ukijaza vikiwa moto, mvuke hulowesha ule unga mwembamba ambao watu wa pwani huuita manda, nao hupasuka.

Wengine hupenda ladha ya kitunguu kibichi ndani, kama pwani. Ni nzuri. Lakini kikate, ukinyunyizie chumvi, ukikamue maji yote kwa mkono, ndipo ukichanganye na ndengu zilizopoa, pamoja na dania iliyokauka umande. Kilo moja ya ndengu kavu hutoa karibu kilo mbili na nusu zikipikwa. Kwa kijiko kimoja cha mezani kilichojaa katika kila sambusa, mtapata 80 hivi.

UCHACHU

Hapa sina ushauri wa kutengeneza. Ndengu zilizopikwa jioni, zikafunikwa katika sufuria zikiwa moto, na kukaa mpaka asubuhi huku kwetu, huchacha. Kwanza hutoa harufu ndogo, kisha povu. Najua ya kuwa wengine huzitia ndimu ili uchachu uonekane umekusudiwa, au huzidisha pilipili. Msifanye hivyo. Viko vijidudu ambavyo huota katika chakula kilichopikwa kikaachwa na joto lake, na sumu yao haifi hata ikikaangwa tena katika mafuta yanayochemka. Mtoto wa shule akinunua hiyo atatapika kabla ya mchana, na soko zima litajua imetoka beseni lipi. Pikeni alfajiri, tandazeni zipoe upesi, jazeni, kaangeni, uzeni kabla jua halijawa kali. Kazi za jioni ziwe kuloweka ndengu, kutwanga bizari na kumenya vitunguu.

GHALANI

Ziko ladha mbaya ambazo hazianzii jikoni. Ndengu zilizoingiwa na fukusi zina uchungu na harufu ya uvundo, kwa sababu ya kinyesi cha wadudu na mayai yao, yale madoa meupe yanayoshika juu ya mbegu. Zikiwa chache, zitie majini. Zenye matundu huelea, ziondoe. Zikiwa nusu ya gunia, hazifai kwa sambusa, kwa maana ladha hiyo haiondoki.

Ndengu zenye ukungu ni jambo zito zaidi. Sijui kama yuko msomaji wa Kitui au Makueni ambaye hakumbuki mwaka wa 2004, au hakusimuliwa, wakati watu 317 walipougua na 125 kati yao wakafa katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu. Yale yalikuwa mahindi, wala sisemi ndengu ndizo zilizoua. Lakini kuvu huota juu ya nafaka yoyote iliyowekwa na unyevu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga. Ukisikia ladha ya vumbi la ukungu katika ndengu zako, usitafute bizari ya kuifunika. Zifukie. Usiwape mbuzi wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa.

Dawa yake ni kukausha. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama zimekauka, chukueni chupa kavu, tieni chumvi kavu kidogo na ndengu kiasi cha robo ya chupa, mtikise vizuri. Chumvi ikinata katika chupa, bado zina maji, rudisheni juani. Zikikauka zitieni katika mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, yenye mfuko wa plastiki ndani mara mbili, mfunge kila mmoja peke yake kwa nguvu. Fukusi hukosa hewa humo wakafa, wala hamtahitaji dawa ya unga. Nalo hilo ni faida ya ladha, kwa maana ndengu zilizochanganywa na dawa nyingi huwa na harufu mpaka sahanini. Aliyekwisha kutumia dawa asome karatasi yake, angoje siku zilizoandikwa, kisha aoshe ndengu mara kadhaa. Mbegu za kupanda zilizopakwa rangi zisiliwe kamwe, hata zikioshwa mpaka rangi itoke. Akikosa kujua, amwulize Bwana Shamba.

NYAMA YA MBUZI

Wako wanaotaka kuchanganya nyama, na nchi yetu ni ya mbuzi. Nitasema machache. Nyama ya beberu ina harufu inayojulikana, na harufu hiyo imo zaidi katika mafuta yake; yaondoeni. Nyama ya ndafu au ya mbuzi jike haina shida hiyo. Isageni au mwikate ndogo kabisa, mwipike kwa tangawizi na ndimu katika maji yake yenyewe mpaka yakauke, ndipo mwichanganye na ndengu, sehemu moja ya nyama kwa tatu za ndengu. Iwe nyama iliyopigwa mhuri wa mkaguzi. Mbuzi aliyekufa mwenyewe asiingie katika sambusa, hata akiwa mnono namna gani. Kimeta hakina ladha.

Limebaki jambo la mafuta ya kukaangia. Yakitumika siku nyingi huwa meusi, hutoa povu na moshi kabla ya kupata moto sawasawa, na ladha yake hupenya manda mpaka ndani. Yachujeni kwa kitambaa safi kila mkimaliza, myaweke gizani katika chombo kilichofunikwa, na mkiona povu linasimama juu lisishuke, yamwageni.